Kompyuta ya Zamani si Kikwazo cha Kutumia Programu Halali

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Taifa hufanya kumbukizi ya Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, aliyezikwa Butiama, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015. Hatua hiyo inamgusa pia mwananchi wa Kiriba, Bunda au Butiama aliyenunua kompyuta iliyokwishatumika ofisini, ambayo sasa anaitumia nyumbani kuchapa barua za wateja na kutunza hesabu za duka.

Toleo lililofuata, Windows 11, linahitaji vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza: fundi huleta flashi yenye programu iliyovunjwa kufuli, na kazi huisha kwa gharama ndogo. Hata hivyo, programu ya namna hiyo inaweza kubeba virusi vinavyoiba au kuharibu nyaraka, vikiwamo vyeti na namba za vitambulisho vya wateja.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta sawa na vitabu na muziki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imefanya ukiukaji wa haki hizo kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni kali zaidi ukifanywa kibiashara.

Mwenye kipato kidogo aanze kwa kufahamu alichonacho. Leseni iliyowekwa na mtengenezaji huambatana na kompyuta hata inapouzwa tena. Leseni ambayo ofisi ilinunua kwa ajili ya kompyuta zake nyingi hubaki kuwa ya ofisi. Kompyuta ikipigwa mnada, leseni hiyo haimfuati mnunuzi. Ni busara kuuliza jambo hili kabla ya kulipa na kudai risiti.

Pili, azingatie matumizi. Microsoft ilitangaza nyongeza ya masasisho hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30 za Marekani, lakini ni kwa matumizi binafsi. Kwa taasisi na biashara, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza.

Tatu, ipo njia isiyo na ada: programu huria. Mfumo wa Linux, pamoja na LibreOffice kwa kazi za ofisi, vinaruhusiwa kutumika hata katika biashara. Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Mabadiliko hayo yana usumbufu wake. Mpangilio wa waraka wa Word unaweza kuhama kidogo, na baadhi ya printa huhitaji kujaribiwa kwanza. Kwa hiyo, anayehama ahifadhi nakala za kazi zake pembeni, kisha ajaribu mfumo mpya kupitia flashi kabla ya kuufuta wa zamani. Siku moja ya majaribio ni gharama ndogo kuliko kupoteza nyaraka za wateja au kujibu mashtaka.