Nyundo siyo dawa ya puli

Nimerudi chuo Jumapili, kucha bado nyeusi, na rumeti wangu kanicheka mpaka basi aliposikia likizo nimeimaliza chini ya gari uani kwa mjomba.

Gari lenyewe ni Carina, injini 5A-FE, ya gia za mkono. Ndiyo teksi ya mjomba na ndiyo inayolipa ada yangu, kwa hiyo likikohoa mimi ndo napata homa. Lilianza kelele kwa mbele, taa ya betri inawaka na kuzima, mshale wa joto unapanda. Fundi akabadilisha feni belti. Wiki haijaisha, belti nyingine. Kisha akaja na taa ya taimingi, akazungusha distribyuta, gari likazidi kuwa zito na kunywa mafuta.

Kumbe ugonjwa ni puli ya kranki. Wengi tunaiona duara la chuma tu. Hapana: kuna kitovu, kuna pete nzito ya nje, na katikati yao raba. Kila silinda inapolipuka kranki inasokoteka kidogo, na ile pete juu ya raba yake ndiyo inameza mtikisiko. Raba ikichoka, pete inateleza. Kwenye injini hii belti ya alteneta ndiyo hiyohiyo inazungusha pampu ya maji, ndo maana betri na joto vilikuja pamoja. Na alama ya taimingi iko kwenye pete ya nje! Ikishateleza, taa inamdanganya fundi mchana kweupe.

Kupima ni rahisi. Piga mstari wa chaki kutoka kitovu hadi kwenye pete, tembeza gari, rudi uangalie. Wetu ulikuwa umekatika, kipande huku kipande kule.

Hapo ugomvi ukaanza. Fundi katoa nyundo. "Dogo, hizi tunazigonga kila siku." Nikasema, mjomba, hapana. Siwadharau mafundi wetu, wengi wanajua kuliko vitabu, ila kwenye hili nawapinga. Ukigonga pete unaipinda au unachana raba. Ukigonga kranki, mzigo wote unaenda kwenye beringi. Pula yenye bolti mbili inashika kitovu, unakaza katikati taratibu, puli inatoka yenyewe. Tuliazima kwa jirani, gharama soda mbili. Fundi akaondoka kanuna.

Tukatoa waya wa betri, jeki na stendi (siyo tofali, tafadhali), tairi la mbele kulia nje, belti zikalegezwa. Bolti ya katikati ndo ilitutoa jasho. Gia ya 5, mjomba kakanyaga breki, mimi na bomba refu kwenye spana. Kuna wanaoegemeza spana kwenye chesisi halafu wanapiga stata. Ikichomoka hapo, mimi sitaki niwe karibu.

Mjomba akataka puli ya mtumba. Tulibishana kuliko na fundi! Raba ya mtumba imezeeka vilevile kama yetu, unanunua ugonjwa uleule kwa bei ndogo. Mwisho akatoa hela ya mpya, kwa kuguna. Kurudisha hakukuwa na maneno: safisha, paka oili kidogo kwenye mdomo wa sili, linganisha kii, sukuma, kaza kwa toki renchi mpaka 118 Nm. Halafu taimingi upya, digrii 10, safari hii kwa alama inayosema kweli.

Rumeti anasema ningempa fundi hela nikalale. Hela ipi, wakati zimeshaliwa na belti?

Fundi mwenyewe alipita kesho yake, akasimama kusikiliza injini, hakusema kitu. Wakati wa kuondoka ndo akauliza ile pula tuliitoa kwa nani.

Nakimbia, lekcha saa nane.