Msitunyamazishe kwa Jina la Amani

Askofu akija usharikani kwa kipaimara au kuweka jiwe la msingi, kuna sentensi ambayo haikosekani kwenye risala: usharika wetu una amani, hatuna migogoro. Vigelegele hupigwa. Mimi nikiisikia sentensi hiyo hutamani kuuliza mambo mengine kwanza. Mara ya mwisho mzee wa kanisa kupinga hoja kwenye baraza ilikuwa lini, na baada ya kupinga alifanywa nini? Mapato na matumizi ya ujenzi yalisomwa mbele ya washarika au yaliishia ofisini? Wale vijana wa kwaya walioondoka kwa mkupuo, nani aliwafuata nyumbani kuwauliza kilichowakimbiza?

Tumelelewa katika imani kwamba mgogoro ukizuka kanisani basi Shetani ameingia, na dawa ni kufunga, kuomba na kila mtu kuuchunga mdomo wake. Imehubiriwa mno, kiasi kwamba muumini mwenye swali hujiona mkosaji kabla hata hajajibiwa. Naipinga imani hiyo. Haina msingi katika Maandiko tunayoyasoma kila Jumapili, na imevunja sharika nyingi kuliko ugomvi wowote uliowahi kutokea kuhusu viwanja au sadaka.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu bado changa kabisa, mitume wenyewe wapo hai, na tayari kuna manung'uniko: wajane wa Wayahudi wenye asili ya Kiyunani wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Hapo mna kila kitu tunachokiogopa leo, yaani chakula, ukabila na lawama kwa uongozi. Mitume hawakuwaambia wajane waombe kwanza. Hawakutafuta nani aliyeanzisha maneno. Waliuita mkutano wa wanafunzi wote, wakakubali kwamba kazi imewazidi, wakawataka watu wachague wenyewe wahudumu saba. Tazameni na majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kanisa liliwakabidhi mgawo watu wa upande uliokuwa unalalamika. Ni baraza gani la wazee kwetu lingethubutu kumpa ufunguo wa kasha la sadaka mtu aliyesimama kulalamikia hesabu?

Paulo naye alimkabili Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya watu, kwa sababu Petro alikuwa amejitenga na meza ya Wamataifa. Na wale wanaopenda kutukumbusha kwamba watiwa mafuta wa Bwana hawaguswi wasome zaburi yenyewe ya 105. Inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wasio na nchi, waliolindwa wasidhulumiwe na wafalme. Maneno yaliyokusudiwa kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye madaraka sasa hutumiwa kumlinda mwenye madaraka dhidi ya swali. Daudi alikuwa mtiwa mafuta kweli, na nabii Nathani alimfuata ndani ya nyumba yake akamwambia alichokifanya.

Hayo ni ya Maandiko. Sasa tazameni jinsi kunyamazisha kunavyofanya kazi katika usharika wa kawaida. Kwaya imechanga pesa za sare. Kitenge kimeletwa, lakini siyo kile kilichochaguliwa; ni cha bei ya chini, na chenji haijulikani iliko. Mama mmoja wa sauti ya pili anamnong'oneza mke wa mchungaji wakiwa msibani, wanamenya ndizi. Mke wa mchungaji anamweleza mumewe. Hapo mchungaji angeweza kumwita yule mama na kumwuliza, "Mama, hili umeshamwambia mwalimu mwenyewe? Kama unaona vigumu, twende wote." Badala yake anamwita mwalimu wa kwaya ofisini, anamwambia kuna watu wanalalamika, na hamtaji mtu. Mwalimu anatoka pale akichunguza kila uso kwenye mazoezi, anatafuta aliyemchongea. Jumapili inayofuata mahubiri yanahusu umbea. Kila mtu anaamini anajua nani anasemwa, na kila mtu ana wake. Baada ya miezi michache kwaya imegawanyika makundi mawili, wengine wamehamia mtaa wa pili, kuna watu hawapeani mkono wakati wa kutakiana amani ibadani. Na chenji ya kitenge bado haijajibiwa.

Swali lenyewe lilikuwa la dakika kumi. Mweka hazina angeleta risiti, mambo yangeisha. Kilicholivuruga kundi ni njia ambayo swali lilipitishwa, kutoka kwa mtu hadi mtu, nyuma ya mgongo wa mhusika.

Edwin Friedman, rabi wa Marekani aliyekuwa pia mtaalamu wa tiba ya familia, alieleza hali hii katika kitabu chake Generation to Generation cha mwaka 1985. Anayaangalia makusanyiko ya waumini jinsi mtu anavyoiangalia familia. Watu wawili wakishindwa kuvumilia uzito ulio kati yao, anasema, humvuta wa tatu awabebee, na kanisani wa tatu huyo mara nyingi ni mchungaji. Akikubali kuubeba, wale wawili hawatakutana tena, na yeye ataelemewa mpaka augue. Friedman anamtaka kiongozi awe karibu na pande zote, aseme waziwazi anachosimamia, na asikubali kuendeshwa na hofu ya walio wengi. Nasisitiza hilo la kuwa karibu. Wako wachungaji wanaodhani kutopendelea upande ni kukaa mbali na pande zote. Hawapigi simu, hawatembelei, wanasubiri vumbi litulie. Muumini aliyeudhika na asiyetembelewa hana sababu ya kuamini kwamba mchungaji hajachagua upande.

Hatuhitaji hata kwenda Marekani kujifunza hili. Kikao cha ukoo kinaijua kanuni hiyo. Mlalamikaji na mlalamikiwa wanaketi mahali pamoja, kila mmoja anasema mpaka amalize, wazee wanasikiliza, na hakuna anayetumiwa salamu. Mathayo 18 inaagiza utaratibu wa namna hiyo hiyo: nenda kwake kwanza, wewe na yeye, ikishindikana chukua mtu mmoja au wawili, ndipo liambie kanisa. Sisi tumegeuza. Tunaanza na mimbari, tunamalizia na kumtenga mtu na Meza ya Bwana, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuambiwa kosa lake.

Historia ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) inatosha kutufundisha gharama ya kunyamazishana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Walutheri wa Meru walitaka wawe na dayosisi yao, nje ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi. Lilikuwa ombi la kiutawala, la kuzungumzika. Likageuka kuwa vita ya nani ni muasi na nani ni mtiifu. Vurugu zikatokea, mali zikaharibiwa, ndugu wa damu wakaacha kuzikana. Leo Dayosisi ya Meru ipo ndani ya KKKT, na pembeni yake lipo kanisa jingine lililozaliwa na mgogoro ule ule. Kilichoonekana uasi kilikuja kukubalika, ila baada ya watu kuumizana. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Dayosisi ya Konde. Suala la makao makuu, yabaki Tukuyu au yahamie jijini Mbeya, lilifika mahali pa waumini kukabiliana kwenye milango ya makanisa, na Askofu Edward Mwaikali akaondolewa madarakani. Siamui hapa nani alikuwa na haki. Nasema kwamba mahali pa ofisi ni jambo ambalo watu wazima wanaopendana wanaweza kubishana juu yake kutwa nzima, kisha wakala pamoja jioni, kama wamezoea kubishana. Ambao hawajawahi kuruhusiwa kubishana juu ya kitenge hawataweza kubishana juu ya makao makuu.

Wapo watakaosema nawafungulia mlango wakorofi. Kila usharika una mtu ambaye hoja yake ya ujenzi kwa kweli ni hoja ya cheo, na ambaye hata ukimpa risiti zote atauliza karatasi ya risiti ilinunuliwa wapi. Ni kweli, na watu hao huchosha. Lakini mkorofi huishi vizuri zaidi gizani. Pale ambapo hesabu hazisomwi, yeye ndiye anayeonekana mtetezi wa wanyonge, na watu wema humfuata kwa sababu hawana pengine pa kupata jibu. Zisomeni hesabu, gawanyeni karatasi kila mtu aone kwa macho yake, ruhusuni maswali mpaka yaishe. Atabaki na watu wachache sana, na hao hao mtajua jinsi ya kuongea nao.

Kuna jambo moja tu ambalo silipeleki kwenye meza ya suluhu. Mtoto akiguswa vibaya na mwalimu wa Sunday school, au binti akishikwashikwa ofisini, hapo hakuna pande mbili za kupatanisha, na hakuna mzee wa kanisa mwenye mamlaka ya kumwambia mama wa mtoto kwamba mambo ya kanisa hayatoki nje. Ni kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyo hiyo. Kanisa linaloficha jambo hilo ili kulinda jina lake limeshaamua kwamba jina lina thamani kuliko mtoto, na haliwezi kutuhubiria tena juu ya upendo.

Nimalizie na barua ya uhamisho, maana ndiyo dawa tunayoitumia zaidi na ndiyo isiyoponya. Usharika ukichemka, jimbo linamhamisha mchungaji. Anapakia vyombo, watoto wanabadilishwa shule, na mchungaji mpya anapokewa kwa nyimbo na kuku. Ndani ya mwaka anagundua kwamba ameurithi ugomvi mzima, kiwanja kile kile, wazee wale wale, isipokuwa sasa hakuna anayekumbuka ulianzaje. Aliyeondoka naye amebeba kidonda chake kwenda kukitonesha kwingine. Namwomba mkuu wa jimbo, kabla ya kuandika barua hiyo, aje kwanza akae usharikani. Awasikilize mchungaji na baraza, kila upande mbele ya mwenzake, awape washarika siku nzima ya kuongea, na waliokwisha kuhama waitwe kwa majina yao, wapewe viti. Kama baada ya hapo uhamisho bado unahitajika, na uwepo, lakini sababu yake isomwe hadharani, mchungaji mwenyewe akiwa amesimama pale anaisikia na ana nafasi ya kuijibu.