Kilo 20 au Lita 20?

Sisi wanafunzi tumezoea kukariri kanuni za fizikia kama kasuku, mtihani ukiisha tunazisahau. Naona kanuni ya densiti linganishi si ya kusahauliwa, hasa na sisi ambao wazazi wetu huuza vitu kwa mitungi.

Densiti linganishi ni nini? Ni nambari inayoonyesha kitu ni kizito mara ngapi kikilinganishwa na maji ya ujazo uo huo. (Mwalimu wa fizikia atataka niseme tungamo, si uzito, lakini sokoni nani atanielewa?) Maji ni 1, mafuta ya kupikia kama 0.92, maziwa kama 1.03, asali kama 1.4. Na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, kazi ni kugawanya kilo kwa nambari hiyo, unapata lita. Kilo 7 za asali ukigawanya kwa 1.4 ni lita 5. Basi! Wapo wanaozidisha, wakapata lita 9.8. Jamani, kitu kizito kuliko maji kitahitajije mtungi mkubwa kuliko wa maji?

Sasa twende Baringo au Mwingi, kwenye mizinga. Mnunuzi akija na mtungi wa lita 20 akasema, "Hii ni kilo ishirini, mama," naye mama akapokea bei ya kilo 20, ameumia. Kilo 20 za asali ni lita 14 na kitu tu. Mtungi ukijaa ni kilo 28. Kilo nane zimeenda bure, tena kwa asante na kuagana vizuri!

Halafu mazoezi yetu ni ya zebaki, ati 13.6. Nani kijijini anauza zebaki? Walimu wetu watuletee asali darasani, hata kama najua haitarudi yote.

Wauzaji nao wasijifanye malaika. Mtungi wa lita 20 uliojaa asali ukipimwa, ukatoa uzito wa mtungi wenyewe, ukabaki na kilo 26, gawanya 26 kwa 20. Ni 1.3. Hapo muulize mwenye asali ametia nini humo.