Daftari la wiki: Mkono wa mtu

Wiki hii mvua imeshuka hapa Mangina, eneo la Beni, karibu kila alasiri, na kakao haikauki. Wingu likitanda, mbegu zinakusanywa mbio pamoja na turubai lake. Asubuhi zinaanikwa tena, na baada ya siku chache zinaanza kuota ukungu mweupe. Mama mmoja alinishikisha kiganja cha mbegu hizo huku akinihesabia mambo yake: kuku wamekufa, simu imetumbukia kwenye beseni la nguo, mjukuu amelala na homa, na sasa kakao. "Haiko bure, baba," akaniambia. "Kuna mukono wa mutu."

Tukaketi tukayachambua. Kuku walikufa mmoja baada ya mwingine, wakiharisha kijani na shingo zikipinda, na wale wa jirani walikuwa wametangulia. Huo ni mdondo, unaopita boma hadi boma. Kakao imeozeshwa na mvua. Mvua hiyohiyo huacha madimbwi, madimbwi huzaa mbu, na homa ya mtoto msimu huu inataka kupimwa malaria siku hiyohiyo. Simu ndiyo iliyobaki peke yake: alikuwa akiitumia kama tochi, mkono ukateleza. Kwa hiyo katika mikosi minne, miwili ni mvua (homa ikithibitika kuwa malaria), mmoja ni ugonjwa wa kuku, na mmoja ni sadfa tupu. Alikubali kumpeleka mtoto kupimwa. Kuhusu mkono wa mtu hakusema neno, nami sikumsukuma.

* * *

Wazande, ambao wamo pia Uele, kaskazini mwa nchi yetu ya Kongo, waliwahi kuulizwa jambo hili upande wa Sudan na Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, ambaye kitabu chake juu yao kilitoka 1937. Ghala la nafaka linaanguka na kuumiza watu waliokaa kivulini chini yake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile fulani na fulani walipokuwa wameketi pale. Swali hilo silidharau. Kila aliyefiwa analiuliza, mwenye shahada na asiye nayo. Ninachokataa ni jibu la haraka lenye jina la jirani ndani yake.

* * *

Mwaka 1944 Wajerumani walirusha mabomu ya V-1 juu ya London. Watu wakaona mitaa fulani inapigwa tena na tena na mingine inapona, wakaamini adui amechagua. R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, aligawa eneo la kusini mwa jiji katika miraba 576 iliyo sawa. Mabomu 537 yalikuwa yameangukia humo. Miraba 229 haikuguswa hata mara moja, 211 ilipigwa mara moja, 93 mara mbili, 35 mara tatu, na michache zaidi ya hapo. Hesabu yake, aliyoichapisha 1946, ilionyesha kwamba ndivyo hasa yangeanguka kama hakuna aliyelenga mtaa wowote. Mwaga maharagwe juu ya mkeka uone: hayatajipanga kwa nafasi sawa, yatarundikana hapa na kuacha wazi pale.

Vivyo hivyo kwa radi. Uchunguzi wa satelaiti uliotolewa 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Katika nchi inayopigwa hivyo, familia moja kuguswa mara mbili haihitaji mrogi.

* * *

Lakini sadfa nayo inaweza kuwa jibu la uvivu. Wazee wanaikumbuka kahawa ya robusta ya Beni. Miti ilinyauka mmoja leo, mwingine mwezi ujao, shamba zima likakauka na la jirani bado likiwa kijani. Ulikuwa ugonjwa wa kuvu ulioanza kurudi upande wa Isiro miaka ya 1970, ukashuka polepole, na kufikia 1993 ukawa umeonekana Uganda. Huingia mtini kupitia kidonda, na panga letu lenyewe likiukata mti mgonjwa kisha mzima linaubeba. Mashamba mengi ya kakao tunayoyaona leo yalipandwa mahali kahawa ilipofia.

* * *

Sehemu hii nimeiandika na kuiandika upya, maana Mangina hakuna nyumba isiyoijua Ebola.

Tarehe 24 Julai 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola ya jimbo la Équateur imekwisha. Tarehe 1 Agosti ikatangaza nyingine, na kitovu chake kilikuwa hapa Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Siku nane tu! Nani angeamini kwamba mambo hayo mawili hayahusiani? Wengi walisema imeletwa. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kati ya sababu, na shaka ikakomaa ikawa hasira. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini.

Maabara ya taifa ya INRB ya Kinshasa, wakati huo ikiongozwa na Profesa Muyembe, ilisoma vinasaba vya virusi vya pande zote mbili. Vya upande mmoja havikutokana na vya upande mwingine. Ebola ya Mangina haikutoka Équateur. Zile siku nane, zilizowasha moto wote ule, zilikuwa sadfa.

Ndani ya nyumba zetu, hata hivyo, hapakuwa na sadfa. Bibi anakufa, wiki ya pili anafuata binti aliyemwosha, kisha mjukuu aliyelala naye. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, na pengo hilo ndilo lililofanya vifo vionekane kana kwamba kuna mtu anachagua. Waliokata mnyororo ni wale waliofuatilia kwa daftari nani alimgusa nani, wakachanja waliokaribiana na mgonjwa na waliokaribiana na hao. Ugonjwa uliisha 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287.

Kisha likaja jambo la tatu. Februari 2021 Ebola ikatokea Butembo, ikawapata watu 12, ikaua 6. Oktoba ikatokea Beni: 11, wakafa 9. Agosti 2022 Beni tena, mtu mmoja, naye alifariki. Kwa macho ilionekana mikosi mipya mitatu. Vinasaba vikasema kila mara kwamba ni virusi vya ule mlipuko wa 2018, kwa kuwa vinaweza kujificha muda mrefu katika mwili wa aliyepona, hasa katika shahawa. Hiyo ni sababu ya kuwafuatilia na kuwapima waliopona kwa heshima. Haiwi kamwe sababu ya kuwakwepa kwenye kisima.

Yaliyoonekana kushikamana hayakushikamana. Yaliyoonekana mapya yalikuwa yaleyale. Macho yetu peke yake yasingejua, yangu wala ya mtu mwingine.

* * *

Baba mmoja aliyekimbia shamba lake amepoteza mavuno, kisha mbuzi, kisha mtoto wake akaugua surua katika nyumba waliyolundikana familia nne. Anasema amelaaniwa. Baba, hujalaaniwa. Mauaji yaliyokukimbiza, yale yaliyoanza katika eneo la Beni Oktoba 2014, yana watendaji, yana silaha, na yana serikali iliyopaswa kuyazuia. Mavuno, mbuzi na ugonjwa wa mtoto ni jeraha moja. Tukiliita mkosi, tunawafutia wahusika deni lao.

* * *

Wiki hii tena nimesikia mtoto akinyooshewa kidole, kwa kuwa tangu aletwe kwa shangazi yake biashara imeanguka. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi na inamwadhibu anayefanya hivyo. Viongozi wa mitaa, wachungaji na makatekista wanaijua au wanapaswa kuijua. Naomba waisome madhabahuni.

Nawe msomaji, mambo yakikuandama, chukua karatasi kabla ya kutamka jina la mtu. Andika nini kilitokea, siku gani, wapi, na nani alikuwa karibu na nani. Karatasi hiyo mpelekee muuguzi kama ni homa, mtu wa mifugo kama ni kuku, mwagronomia kama ni kakao. Mtoto mwenye homa asisubiri karatasi: mpeleke leo.