Kamera mbili za filamu, fedha ya moja: amnunulie kijana ipi?

Wiki hii nimepokea swali kutoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Marehemu mume wake alikuwa mpiga picha wa harusi na vipaimara tangu miaka ya 1980. Aliacha lenzi mbili za Nikon na sanduku zima la picha. Kamera yenyewe iliuzwa wakati wa ugonjwa.

Sasa kitinda mimba wao, aliyemaliza kidato cha nne, anataka kuzitumia lenzi za baba yake. Wameona kamera mbili za mtumba, Nikon FM2 na Nikon FE2. Fedha iliyopo inatosha moja. Shemeji anasema zote ni kitu kimoja, achukue ya bei nafuu. Mama anauliza: ni kweli? Hataki kumnunulia mtoto kitu kitakachomvunja moyo.

Mama, shemeji hajakosea sana. FM2 ilitoka mwaka 1982 na FE2 ikafuata mwaka 1983. Umbo ni lile lile, na kila moja ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Zote zinaweza kufyatua kwa kasi hadi sehemu moja ya 4,000 ya sekunde. Ukiziweka mezani pamoja, asiyezijua hatazitofautisha. Tofauti yao iko ndani.

Anza na lenzi, si kamera

Kabla ya kutoa hata shilingi, zitazame lenzi za marehemu. Mwaka 1977 Nikon walibadilisha namna lenzi inavyoshikana na kamera. Lenzi za kabla ya hapo, kama hazikurekebishwa na fundi, hazifai kufungwa kwenye FM2 wala FE2. Ukilazimisha unaweza kuiharibu kamera.

Utazijuaje? Tazama pete ya namba iliyo karibu na sehemu inayoingia kwenye kamera. Lenzi nyingi za mtindo mpya zina safu mbili za namba hizo, moja kubwa na nyingine ndogo chini yake. Ukiona safu moja tu, usiifunge mpaka fundi aione.

FM2: kamera ya kujaza kama saa ya zamani

Ndani ya FM2 ni springi na vyuma vinavyosukumana. Betri zake mbili ndogo za duara zina kazi moja tu, kupima mwanga. Zikiisha katikati ya sherehe, kamera inaendelea kupiga kwa kasi zote, ila mpigaji atakadiria mwanga mwenyewe.

Upande wa pili ni kwamba kila kitu anakipanga yeye. Anachagua ukubwa wa kitundu cha lenzi, anachagua kasi, kisha anachungulia taa ndogo nyekundu ndani ya kamera. Alama ya kujumlisha maana yake mwanga umezidi, ya kutoa maana yake umepungua, na duara maana yake uko sawa. Ni shule nzuri, lakini mtoto anayekimbia hasubiri umalize kupanga.

FE2: inayokusaidia kufikiri

FE2 inaendeshwa na umeme wa betri. Ukiweka gurudumu la kasi kwenye herufi A, wewe unachagua kitundu tu, na kamera yenyewe inachagua kasi kulingana na mwanga. Ndani unaona mshale mwembamba ukionyesha kasi iliyochaguliwa. Ukitaka kupanga yote kwa mkono, inaruhusu pia.

Udhaifu wake ni betri. Zikifa, zinabaki alama mbili tu zinazofanya kazi: M250, ambayo ni sehemu moja ya 250 ya sekunde, na B, ambayo inaacha kamera wazi muda wote unaobonyeza. Nje kwenye jua M250 itamsaidia. Ndani ya ukumbi bila flashi, hapana. Tena mfumo wake wa umeme ukiharibika, fundi hana la kufanya kirahisi kama kwenye springi za FM2.

Namna ya kukagua

Nenda na kijana, muda usio wa haraka, na mbebe betri mpya. Kisha:

- Fungua chumba cha betri. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, betri ziliwahi kuvuja humo.
- Fungua mlango wa nyuma. Guse sponji nyeusi za pembeni. Zikinata kama lami zimeoza, na mwanga utaingia kwenye filamu. Zinabadilishika, ila ni sababu ya kupunguziwa bei.
- Vuta kidogo mkono wa kusogezea filamu, kisha bonyeza nusu kitufe cha kufyatulia ili kipima mwanga kiwake. Elekeza kamera dirishani, kisha kwenye kona yenye giza. Taa au mshale lazima ubadilike.
- Jaribu kasi mbalimbali. Sekunde moja isikike kama sekunde moja, na kasi kubwa isikike fupi.

Hapa kuna mtego. FE2 ina tabia ya kufyatua kwa kasi moja tu, ile ya 250, mpaka kihesabu picha kifike namba 1. Wengi huijaribu mlango ukiwa wazi wakadhani mbovu, na wengine husifu mbovu kuwa nzima. Funga mlango, fyatua mpaka kihesabu kifike 1, ndipo uanze kupima.

Gharama inayofuata

Kamera ni malipo ya mara moja. Filamu ya picha 36 na kuisafisha ni malipo ya kila mara, na studio zinazosafisha filamu si nyingi kama zamani. Ulizia kwanza studio ipi inapokea na kwa bei gani, kisha utenge fedha ya filamu mbili au tatu. Usimalize yote kwenye kamera, ikabaki pambo la kabati.

Basi achukue ipi?

Kinachomvunja moyo kijana anayeanza ni filamu inayorudi kutoka studio ikiwa nyeusi tupu au imeungua kwa mwanga, baada ya kujinyima wiki nzima. Kwa sababu hiyo, kama FE2 imepita majaribio yote, ningemchukulia hiyo. Atapoteza picha chache, na akishazoea atajifunza kupanga kwa mkono. Betri mbili za akiba ziwe mfukoni kila siku.

Lakini FE2 ikionyesha wasiwasi wowote wa umeme, mshale unaorukaruka au kasi zisizoeleweka, iache hata kama ni nafuu. Chukua FM2 iliyo nzima. Mara nyingi FM2 huuzwa ghali zaidi, na sababu ni kwamba hata betri zikiisha inaendelea na kazi.

Jambo la mwisho ni la kwetu wazazi. Lenzi zile ni za baba yake, lakini macho yatakayochungulia ni ya mtoto. Usimwambie apige kama baba. Huenda yeye atapenda kupiga mafundi gereji au mvua juu ya bati, si maharusi. Mwache.

Ombi lako liwe moja tu: filamu ya kwanza ampige bibi yake, na nyuma ya kila picha aandike jina na tarehe. Mtaje na wewe mama, maana wake wa wapiga picha ndio huwa hawaonekani kwenye albamu.