Hesabu ya Nyumbani: Futi na Meta

Reli ipitayo Likasi ina upana wa milimeta 1067 kati ya chuma na chuma. Mbona si meta 1 kamili? Sababu ni hii: njia hiyo ilitoka kusini, katika nchi za Waingereza waliopima kwa futi, ikafika Lubumbashi mwaka 1910. Kipimo chao kilikuwa futi 3 na inchi 6, yaani inchi 42. Inchi 1 ni sentimeta 2,54. Zidisheni: mtapata sentimeta 106,68.

Basi asemaye futi 3 ni meta 1 amekosea kwa sentimeta 8 na zaidi. Mlango wake hautaingia. Geuzeni kipimo kwanza, ndipo mkate. Ubao uliokwisha katwa haurefuki.