Mche wa majani mawili sio wa kuuza

Wauza miche wenzangu wa mtandaoni, leo tuambiane ukweli. Mche wa plumeria (wengine tunaita franjipani) wenye majani mawili tu bado sio bidhaa. Kwenye picha unapendeza na oda zinakuja, lakini ukiutuma hivyo unamuuzia mteja bahati nasibu.

Sababu ni kinyausi. Huu ugonjwa unapiga miche ikiwa michanga. Shina linalainika pale chini linapogusa udongo, linakuwa la kahawia, linasinyaa kama uzi, mche unalala. Jana ulisimama, leo upo chini. Wakati mwingine mbegu inaozea humo humo udongoni, na wewe unamlaumu aliyekuuzia mbegu. Wanaosababisha ni vimelea kama Pythium na Rhizoctonia. Wanakaa kwenye udongo na wanapenda unyevu mwingi. Mche ukishalala hauinuki tena. Dawa ya ukungu inasaidia kuzuia, haifufui.

Sasa mche huo unaumwagilia "usikauke njiani", unaufunga kwenye nailoni, unaupakia basi la Dar kwenda Mwanza. Unyevu, joto, hewa hakuna. Mteja anafungua boksi anakuta umelala, halafu unamjibu "utakuwa umemwagilia sana". Hapo sikubali. Ameupokea leo, amemwagilia saa ngapi?

Piga hesabu. Tuseme umeuza miche 10 kwa 5,000 kila mmoja. Minne ikilala, 20,000 ni ya kurudisha, nauli bado. Usiporudisha, umempoteza yeye na wote wanaoangalia status yake.

Kuzuia hakutaki mtaji mkubwa:

1. Usirudie udongo ambao miche ilishafia. Changanya mpya, weka mchanga wa kutosha ili maji yapite.
2. Makopo na trei za zamani zioshe, kisha loweka nusu saa kwenye jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 9. Suuza.
3. Kila kopo liwe na matundu chini.
4. Mwagilia asubuhi, na uguse udongo kwanza. Juu pakiwa bado pabichi, acha.
5. Usibananishe miche. Ipate mwanga na hewa.
6. Mmoja ukilala, utoe na udongo wake siku hiyo hiyo. Usiutupe karibu na kitalu.
7. Tuma mche ambao shina limekakamaa na una majani halisi manne au zaidi. Udongo uwe na unyevu kidogo tu, boksi liwe na matundu.

Najua kuna atakayesema, "Hela naitaka leo, nitasubiri vipi?" Chukua kianzio. Mwambie mteja mche wake upo, utatoka ukikomaa, mtumie picha kila wiki. Plumeria ya mbegu inaweza kuchukua miaka 3 au zaidi mpaka itoe maua. Mtu aliyekubali kusubiri miaka hashindwi kusubiri wiki chache, ila umwambie kabla hajalipa, sio baada.

Akikataa, mwache aende. Bora oda moja ikuponyoke kuliko mteja atangaze kwamba miche yako inakufa.

Wewe wako unautuma ukiwa na majani mangapi?